Hassan Fathy, Mmisri aliyeipima joto nyumba ya maskini

Msimu huu wa joto, kaskazi ikianza kulegea, hebu pita Majengo au Kisauni saa tano za usiku. Utawakuta watu wazima wamekaa barazani na watoto wamelazwa kwenye mikeka nje. Si kwamba wanapenda kukesha. Nyumba imewatoa. Ukuta umekunywa jua mchana kutwa na sasa unalitapika ndani, bati bado lina moto, na feni inazungusha hewa ile ile. Mwenye uwezo amefunga kiyoyozi, na mwisho wa mwezi ndiye wa kwanza kulalamikia tokeni za stima.

Leo nataka nimwelezee mtu aliyetumia zaidi ya miaka hamsini ya umri wake akishughulika na jambo hili hili: kwa nini nyumba moja humpumzisha mtu na nyingine humuunguza, na je, maskini naye hana haki ya ile inayompumzisha? Jina lake ni Hassan Fathy, Mmisri, Mwislamu, mchoraji wa majengo. Mimi nilisomea ujenzi kwa diploma. Katika chuo nilichosoma tulifundishwa vipimo vya simiti na mchanga, nondo na kokoto, namna ya kusoma ramani. Joto halikuwa somo. Jina la Fathy sikulisikia darasani hata siku moja. Nilikutana nalo miaka mingi baadaye katika kitabu cha kuazima, na tangu hapo sijaacha kumfuatilia.

Alizaliwa Alexandria tarehe 23 Machi 1900, katika nyumba ya watu wenye mali. Baba yake alikuwa na mashamba lakini hakupenda kuyakanyaga. Kwake yeye shamba lilikuwa ni nzi, mbu na maji machafu, na watoto wake aliwakataza kwenda. Mama yake naye utoto wake aliupitisha shamba, akawa akiwasimulia wanawe habari za wanyama na chakula kilichotoka mlangoni mwao wenyewe. Kijana akakua na mashamba mawili kichwani, la baba na la mama, na kwa macho yake hajaona hata moja. Alitaka kusomea kilimo, akaanguka mtihani wa kuingia, maana mtu ambaye hajawahi kusimama kondeni ataulizwa habari za mimea ajibu nini? Ndipo akaingia fani ya ujenzi, akahitimu mwaka 1926 katika chuo ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Cairo.

Shamba la familia alilikanyaga akiwa na miaka 27. Alichokiona hakikuwa cha baba wala cha mama. Waliowalimia wazazi wake walikuwa wakiishi katika vibanda vya udongo vya chini, vyenye giza, bila choo, bila maji safi, ng'ombe na watu pamoja. Mali iliyomlea yeye Alexandria ilitoka kwa watu hawa, na jambo hilo lilimuuma. Karibu na wakati huo alipewa kazi yake ya kwanza, kujenga shule katika mji mdogo wa Talkha, na vichochoro vya matope vya mji ule vilimtia huzuni hata akawa anazunguka mbali ili asivipite. Mwaka 1930 akaanza kufundisha chuo cha sanaa Cairo, lakini swali la nyumba ya mkulima likawa limeshamkaa moyoni.

Akatambua jambo moja ambalo fundi yeyote wa kwetu atalielewa mara moja: ukuta si shida, shida ni paa. Ukuta wa mkulima wa Misri ulikuwa chini ya miguu yake, udongo wa Nile uliochanganywa na majani makavu na kuanikwa juani. Haukumgharimu senti. Lakini Misri haina misitu. Mbao za kuezekea zilitoka ng'ambo kwa meli, na bei yake ilimshinda mlalahoi, kwa hivyo wengi waliishi chini ya mabua na takataka za shamba. Vilipokuja Vita Vikuu vya Pili, hata matajiri wakakosa. Fathy alikuwa na kazi ya kujenga nyumba za shamba la mfano huko Bahtim, kaskazini mwa Cairo. Kuta zimesimama, mbao hakuna, chuma hakuna. Akajaribu kuezeka kwa udongo wenyewe, kwa kupinda paa kama tao. Mafundi walijenga, likaanguka. Wakajenga tena, likaanguka.

Aliyemwokoa ni ndugu yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye bwawa la Aswan. Akamwambia kwamba kule kusini Wanubi wanaezeka nyumba na misikiti yao kwa matao ya udongo bila kipande cha mbao. (Nasema Wanubi wa kandokando ya Nile, si jamaa zetu wa Kibra.) Februari 1941 Fathy akapanda treni kwenda kutazama. Katika kijiji cha Gharb Aswan akakuta nyumba safi, ndefu kwa urefu wa dari, zenye nafasi, kila moja na mapambo yake, na juu yake matao na makuba ya udongo yaliyojengwa na watu ambao hawakuwahi kuuona mlango wa chuo.

Namna wanavyojenga ni ya kustaajabisha, na inafaa kuelezwa. Fundi wa mjini akitaka kujenga tao hutengeneza kwanza fomu ya mbao, akalaza matofali juu yake, kisha akaitoa. Mnubi hana mbao ya fomu. Husimamisha kwanza ukuta wa mwisho wa chumba uende juu kuliko kuta za pembeni, akachora kwa udongo umbo la tao juu ya ukuta ule. Matofali ya paa ni mepesi kuliko ya kawaida, yametiwa majani mengi zaidi, na usoni yamepigwa mistari miwili kwa vidole yangali mabichi, ili yashike. Safu ya kwanza huegemezwa kwenye ule ukuta, imelala kidogo nyuma. Ya pili huegemea ya kwanza. Na hivyo hivyo hadi upande wa pili wa chumba. Kila safu hubebwa na mwenzake, hakuna inayoning'inia hewani. Mafundi wawili humaliza paa la chumba kwa siku moja na nusu, na kifaa chao ni tezo na mikono. Ramesseum, karibu na Luxor, yapo maghala yenye matao ya namna hii yaliyojengwa zama za Ramses wa Pili, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita, na bado yamesimama.

Fathy akawachukua mafundi Wanubi, akawaleta Bahtim, na kwa maisha yake yote yaliyobaki alijenga pamoja nao. Mmoja wao, fundi Aladdin Moustafa, alikuwa naye kwa miongo. Hapa ndipo ninapompenda mtu huyu. Alikuwa profesa, mwana wa mwenye mashamba, anajua Kifaransa na muziki wa Ulaya, lakini alipofika kwa fundi asiyesoma alikaa kama mwanafunzi.

Mwaka 1945 Idara ya Mambo ya Kale ya Misri ikamwita kwa kazi iliyompa jina na iliyomvunja moyo. Ng'ambo ya Luxor, upande wa magharibi wa Nile, palikuwa na watu kiasi cha 7,000 wa Gourna waliojenga majumba yao juu ya makaburi ya wakubwa wa Misri ya kale. Wengine walikuwa wakiishi kwa kuchimba chini ya vyumba vyao na kuuza walichokipata. Kipande kizima cha jiwe lililochorwa kilipoibwa na kelele zikafika ulimwenguni, serikali ikaamua kuwahamisha wote. Fathy akapewa eneo la ekari kama hamsini bondeni na kuambiwa ajenge kijiji kipya.

Hakutaka kujenga safu za vibanda vinavyofanana. Alitaka azungumze na kila familia, kila ukoo upate uwanja wake, kila nyumba iwe na ua wake wa ndani. Akajenga msikiti, soko, shule, ukumbi wa michezo, na mahali pa kufundishia kazi za mikono. Na humo ndimo alimoanza kuupeleka ujuzi wa mababu mbele ya kipimajoto. Katika shule alisimamisha malkafu, yaani mnara mdogo unaoinuka juu ya paa, mdomo wake ukielekezwa upande unakotoka upepo mzuri. Kule juu hewa haina vumbi wala haijapashwa na ardhi. Mnara huishika na kuiteremsha ndani. Cairo ya zamani ilijaa minara hiyo. Fathy akaongeza chake: ndani ya mnara akaweka sinia ya makaa yaliyoloweshwa maji, hewa ikapita juu yake. Joto la ndani likashuka kwa nyuzi 10 za sentigredi. Hakuna mota wala waya wa umeme hapo, ni makaa, maji na upepo tu.

Sasa msikiti umesimama na mafundi wanafanya kazi, lakini wenye kijiji je? Hawakutaka kuhama. Pale juu mlimani palikuwa na riziki yao, ya halali na isiyo ya halali, na bondeni hapakuwa na mashamba ya kuwatosha. Usiku mmoja boma lililozuia maji ya mto lilitobolewa, maji yakaingia kijiji kipya, na Fathy aliamini kwamba waliotoboa ni watu wa Gourna wenyewe. Upande mwingine maafisa wa Cairo walimchelewesha kila karatasi, kila malipo, hata majani makavu ya kufyatulia matofali. Mwaka 1947 kipindupindu kikaingia Misri. Mwaka 1948 kazi ikasimama. Nyumba zilizokusudiwa zilikuwa kiasi cha 900. Zilizomalizika ni kama 130. Na zile zilizomalizika zilikaa muda mrefu bila wale waliojengewa.

Wapenzi wake humtetea kwa kuwalaumu maafisa peke yao. Mimi sioni hivyo. Makuba yalikuwa na tatizo ambalo kipimajoto hakilioni. Kwa mkulima wa Misri, kama kwetu hapa pwani, kuba ni la msikiti au la kaburi la mtu mwema. Leo umwambie mtu wa Lamu alale na wanawe chini ya kuba, atakutazama mara mbili. Isitoshe, watu wale walikuwa wakihamishwa kwa amri, na hakuna nyumba, hata iwe na baridi namna gani, inayoweza kumfurahisha mtu aliyeondolewa kwa nguvu kwenye riziki yake. Fathy aliwasikiliza Wagourna zaidi ya mchoraji yeyote wa wakati wake, lakini swali la kwanza, kwamba wahame au wasihame, halikuwa mkononi mwake, naye aliikubali kazi hata hivyo. Mzozo ule uliendelea baada yake: mlima ule ulibomolewa majumba yake katika miaka ya 2000, na watu wakapelekwa mahali pengine kabisa.

Mwaka 1957 akaondoka Misri akiwa amechoka, akaenda Athens kufanya kazi na Mgiriki Constantinos Doxiadis, bingwa wa kupanga miji. Alikaa huko karibu miaka mitano, akafanya kazi za Iraq, akatembea sehemu za Afrika katika utafiti wa miji ijayo. Kipindi hicho nitakipita, maana kilicho muhimu zaidi kwetu kilitokea aliporudi.

Mwaka 1964, katika kituo cha utafiti wa ujenzi cha Cairo, vilijengwa vyumba vya majaribio kwa vifaa mbalimbali, mahali pamoja, chini ya jua moja. Viwili kati yake ndivyo vinavyotajwa hadi leo. Cha kwanza kilikuwa cha matofali ya udongo, kuta nene kiasi cha sentimita 50, na paa la tao na kuba. Cha pili kilikuwa cha vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, kuta na paa unene wa sentimita 10, yaani ule ujenzi ambao serikali nyingi za wakati ule ziliuita maendeleo. Vikawekwa vipimajoto, vikasomwa usiku na mchana mwezi wa Machi.

Nje, hewa ilikuwa kiasi cha nyuzi 12 alfajiri, ikapanda hadi karibu 28 saa nane za mchana. Ndani ya chumba cha udongo joto lilikaa kati ya nyuzi 21 na 23 kwa saa zote 24. Ndani ya chumba cha zege lilifika nyuzi 36 alasiri. Tafakari hapo. Aliyekaa ndani ya nyumba ile ya kisasa alikuwa katika joto kubwa kuliko aliyesimama nje, kwa tofauti ya nyuzi kama 9, na alimzidi jirani yake wa nyumba ya udongo kwa nyuzi 13. Alikuwa amejengewa tanuri na kuambiwa ni nyumba.

Sababu yake si uchawi wala si baraka ya udongo. Joto husafiri ndani ya ukuta polepole. Ukuta ukiwa mnene wa nusu mita, jua la adhuhuri huchukua saa nyingi kufika upande wa ndani, na linapofika, nje kumeshakuwa usiku na baridi imeingia. Ukuta mwembamba wa zege hauna subira hiyo. Kinachopiga nje saa sita kiko ndani upesi. Paa la kuba nalo lina faida zake: saa nyingi za mchana sehemu yake huwa kivulini, na hewa ya moto ikipanda hukaa juu kabisa, mbali na vichwa vya watu.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu nimeona watu wakisoma habari za Fathy kisha wakaanza kuota makuba Mtwapa na Watamu. Misri ya juu si pwani yetu. Kule hewa ni kavu, usiku hushuka sana, na ndiyo maana ukuta mnene hupata nafasi ya kutua joto lake. Mombasa mwezi wa pili mchana ni nyuzi 32 au 33, usiku ni 24 au 25, na hewa imejaa unyevu. Tofauti ya mchana na usiku ni ndogo. Makaa yake ya maji nayo yangetusaidia kidogo tu, kwa sababu ile ile inayofanya mtungi wako wa maji upoze vizuri zaidi siku za hewa kavu: maji hupoza yanapokauka, na hewa iliyokwisha shiba maji haikaushi kitu. Kinachompumzisha mtu wa pwani ni upepo juu ya ngozi yake, na kivuli.

Wazee wetu walilijua hilo bila kipimajoto. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, ndiyo, na huwa baridi mchana. Lakini tazama vilevile vichochoro vyembamba vinavyotiana kivuli, kiwanda kilicho wazi katikati, na chumba cha juu chenye paa la makuti ambako upepo hupita mtu akalala. Tazama nyumba ya Kiswahili ya Majengo: ukumbi unaokatiza kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku, makuti yaliyoinuka na pembe zake wazi ili hewa ya moto itoke. Hizo ni fizikia za majengo, tena za hali ya juu. Halafu tumezivunja moja moja. Makuti yamekuwa bati lisilo na dari, ua umejengwa vyumba vya kupangisha, ukumbi umezibwa, na ukuta wa matumbawe umekuwa tofali la simiti la inchi sita linalotazama magharibi bila hata mti.

Nalisema hili kwa sababu mtaani kwetu sasa hivi panachangwa pesa za kujenga madrasa. Ramani niliyoonyeshwa ina slebu tupu juu, madirisha ya vioo vya kusukuma upande mmoja tu, na alama za viyoyozi sita. Nimewauliza wanakamati, ambao wengine ni wazee wangu na ninawaheshimu: hao viyoyozi stima yake atailipa nani, na siku ikikatika watoto sitini watasoma vipi humo? Mwenzangu mmoja akanijibu kwamba madirisha mawili yanayotazamana ni mambo ya zamani. Sikubishana naye. Nilinunua kipimajoto cha dukani, nikakitundika darasa la bati la sasa saa nane mchana, na kingine chini ya mwembe ulio nje. Chini ya mwembe palikuwa na baridi zaidi kwa nyuzi sita. Nimewapelekea karatasi ya namba hizo na mapendekezo yangu: jengo lilale ili pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, maana jua letu huumiza kuta za mashariki na magharibi, madirisha yatazamane, ili kusi na kaskazi zikivuma zipite, paa lipakwe chokaa nyeupe na liwe na dari na matundu ya kutolea hewa, baraza pana pande zote. Hakuna hata moja linaloshinda bei ya viyoyozi sita. Kamati itakutana baada ya Ijumaa ijayo, na mwenye mtoto wa kusoma pale aje atoe rai yake.

Turudi kwa mzee wetu. Baada ya majaribio yale alipewa kazi ya pili kubwa, Baris mpya, katika oasisi ya Kharga jangwani, ambako hakuna upole wa Nile. Alichora soko lenye minara ya kushika upepo ili mboga na matunda ya wakulima visioze kabla ya kusafirishwa. Soko likajengwa, kijiji hakikumalizwa. Vita vya 1967 vilikuja na pesa zikaenda kwingine. Kwa mara nyingine akawa na kijiji nusu.

Mwaka 1969 wizara ya utamaduni ya Misri ilimchapishia kitabu chake juu ya Gourna kwa nakala chache. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Chicago kikakitoa tena kwa jina la Architecture for the Poor, na ghafla mzee wa miaka 73 ambaye nchini kwake alionekana mtu wa ndoto akasomwa ulimwengu mzima. Mwaka 1980 akapata tuzo ya mwenyekiti katika Tuzo za Aga Khan za ujenzi, na mwaka huo huo ile ya Right Livelihood ya Sweden. Wakati huo huo Waislamu wa Marekani wakamwita Abiquiu, New Mexico, akaenda na mafundi wake Wanubi, wakajenga msikiti wa udongo wa Dar al-Islam, matao na makuba yakisimama bila fomu mbele ya macho ya watu walioshangaa. Mwaka 1986 kikatoka kitabu chake cha mambo ya upepo, jua na unyevu katika nyumba za jadi. Ukitaka kimoja tu, mimi ningekushauri hicho. Hakina hadithi nyingi, lakini kinaeleza jinsi mashrabia inavyofanya kazi, kwa nini mianya yake huwa midogo usawa wa macho na mikubwa juu, na mtu aliyekulia karibu na roshani za Mji wa Kale atatazama mbao zile kwa jicho jingine.

Kuna kejeli katika miaka yake ya mwisho ambayo haifai kufichwa. Waliojenga kwa mtindo wake walikuwa aghalabu matajiri: wasanii, wasomi, watu wa majumba ya mapumziko. Maskini wa Misri alitaka zege, kwa sababu zege ndilo alilomwona nalo mkubwa. Bwawa jipya la Aswan, lililokamilika 1970, nalo lilizuia tope la Nile lililokuwa likirutubisha mashamba kila mwaka, na baadaye serikali ikakataza udongo wa mashamba kufyatuliwa matofali. Kile kifaa cha bure alichokitegemea kikawa hakishikiki. Mwishoni alijenga kwa mawe ya chokaa, kwa hesabu zile zile za kivuli na upepo.

Mwenyewe hakutajirika. Aliishi Cairo ya zamani, karibu na ngome, katika nyumba ya zama za utawala wa Waturuki, orofa ya juu, na vitabu vyake na paka wengi. Wanafunzi kutoka nchi mbalimbali walipanda ngazi zile kumsikiliza, naye hakuwafungia mlango. Alifariki hapo Cairo tarehe 30 Novemba 1989, akiwa na miaka 89, Allah amrehemu. Nyumba nyingi za Gourna mpya zimeharibika au zimejengwa upya kwa zege na wanaoishi humo, na chumvi ya ardhi imezila nyingine. Msikiti alioujenga bado upo, umefanyiwa ukarabati miaka ya karibuni, na watu wanaswali ndani yake.